Historia ya Makisio ya Mwaka Katika Nchi ya Uluguru

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wameandika juu ya waasisi, maghala na mazao. Mimi nimepewa kazi iliyo kavu kuliko zote, yaani kueleza habari za makisio ya mapato na matumizi: karatasi ile wagawiwayo wajumbe asubuhi ya Mkutano Mkuu, na ambayo wengi huikunja na kuitia mfukoni kabla ya chai. Hata hivyo historia ya karatasi hiyo katika milima yetu ni ndefu kuliko umri wa chama chetu, na ndani yake mna mambo yenye uchungu.

Siku hizi wengi husema bajeti. Jina hilo asili yake ni mfuko mdogo wa ngozi katika lugha ya Kifaransa cha kale. Mimi napenda zaidi neno letu, makisio, kwa kuwa lakiri wazi kwamba jambo lenyewe ni kukisia. Lakini kukisia si kubahatisha: mwenye kukisia hutazama alichokwisha kupima.

Makisio ya fedha za Waluguru hayakuanza na ushirika. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kisha mwaka 1926, zama za Gavana Donald Cameron, ikatoka sheria ya utawala wa wenyeji. Utawala wa wenyeji ukapewa hazina yake. Mapato yalikuwa fungu la kodi, ada na faini za mabaraza, na ushuru wa masoko. Matumizi yalikuwa mishahara ya wakubwa, makarani na matarishi, kisha njia, zahanati na shule. Kila mwaka makisio yaliandikwa, yakapitiwa na Bwana Shauri, yakapelekwa kwa wakubwa wake kupata idhini. Kwa upande wa hesabu, kazi hiyo haikuwa mbaya. Kasoro yake ni kwamba mtu wa Kinole au wa Mgeta aliyeuza ndizi zake apate shilingi za kodi hakuulizwa zitumikeje. Alipewa stakabadhi, basi.

Kasoro hiyo ilionekana dhahiri katika Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ulioanza kazi mwaka 1950. Kusudi lake lilikuwa jema: udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua na mito ilikuwa ikichafuka, nayo Ruvu yatoka katika milima hii. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi na wakakatazwa kuchoma majani. Mpango ulikuwa na fedha zake na maofisa wake, lakini siku za jembe za mwenye shamba hazikutiwa bei. Mama aliyechimba ngazi kutwa hakupalilia mpunga wake, na hasara hiyo haikuwa na fungu katika daftari lo lote. Tena upande wa mashariki, ambako udongo mzuri ni mwembamba, kuchimba ngazi kulifukua udongo mbaya wa chini ukakaa juu, mazao yakapungua. Watu waliogopa pia kwamba shamba likichimbwa kwa amri litatoka mikononi mwa ukoo. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, polisi wakaja, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Huko Mgeta, ambako ngazi zilimwagiliwa maji zikaotesha mboga za kuuza, nyingi zilidumu. Naona tofauti hiyo yatosha kutufundisha kuliko hotuba nyingi: kazi ile ile, mlima ule ule, lakini upande mmoja iliyalipa matumizi yake na upande wa pili haikuyalipa.

Mtu asidhani kwamba kukisia vibaya kulikuwa kwa maofisa wa milimani peke yao. Karibu siku zile zile, ukipita Gairo kwa njia ya Dodoma, kule Kongwa, Serikali ya Uingereza ilikuwa ikiendesha Mpango wa Karanga. Wataalamu walizunguka nchi kwa wiki chache mwaka 1946, wakaandika makisio ya pauni milioni 25 hivi. Mwaka wa kwanza walikusudia kusafisha ekari 150,000. Hadi mwisho wa mwaka 1947 zilizosafishwa hazikufika hata 10,000. Matrekta yalivunjika, mbuyu haukung'oka, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mvua waliyoitegemea haikuwa imepimwa kwa miaka ya kutosha. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Hesabu za kujumlisha bila shaka zilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mstari wa kwanza, yaani mavuno.

Baada ya Uhuru ushirika ulienezwa upesi sana, hata mahali ambapo hapakuwa na karani wa kutosha. Kila chama kilikata ushuru wake katika kilo ya mkulima, na kila upungufu wa chama ukawa makato mapya mwaka uliofuata. Mwaka 1966 Rais aliunda Kamati ya kuchunguza. Nayo ikaona upungufu wa watumishi wenye ujuzi, wanachama wasioelewa mambo ya chama chao, na siasa kuingilia kazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa kwa amri, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Chama chetu kimeandikishwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, ambayo yampa mwanachama, kwa njia ya Mkutano Mkuu, neno juu ya makisio; na ukomo wa madeni tuupangao hauna nguvu mpaka Mrajis aukubali. Haki aliyoikosa mlipa kodi wa mwaka 1926 tunayo, na twaikunja kabla ya chai.

Sasa nieleze hesabu moja, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme ushuru ni shilingi 50 kwa kilo, na tumekisia kilo 200,000: mapato ni shilingi 10,000,000. Matumizi yasiyopungua, yaani mishahara, pango, mlinzi na ukaguzi, ni 7,000,000. Magunia na uchukuzi ni shilingi 13 kwa kilo, jumla 2,600,000. Ziada ni 400,000, na mkutano hupiga makofi. Lakini zikija kilo 120,000, mapato ni 6,000,000, magunia na uchukuzi ni 1,560,000, na zile 7,000,000 zipo pale pale. Upungufu ni 2,560,000. Tena chini ya kilo 190,000 hivi tumekwisha kuanza kula mtaji. Kumbe ile ziada iliyopigiwa makofi ilisimama juu ya kilo elfu kumi au kumi na moja tu.

Jambo hili si la nadharia katika nchi ya viungo. Mkarafuu hauzai sawasawa: ukizaa sana mwaka mmoja, yamkini mwaka wa pili utapumzika, wala haujali tumeajiri makarani wangapi. Kukisia mwaka ujao kwa kutazama mwaka wa neema peke yake ni kurudia Kongwa kwa kipimo kidogo.

Kwa sababu hiyo makisio yatakayoletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao yana safu mpya. Kando ya kilo zilizokisiwa zimeandikwa kilo zilizopimwa kwenye mizani katika misimu mitatu iliyopita, chama cha msingi kwa chama cha msingi, pamoja na msimu mbaya. Baadhi ya wajumbe wameomba lori lingizwe katika matumizi ya mwaka huu. Bei ya lori nimeiandika, na chini yake nimeandika kilo zinazohitajiwa ili lijilipe. Karatasi zitapelekwa vyamani siku 21 kabla ya mkutano, ili kila mjumbe aje akiwa ameulizana na watu wake.