Mpaka wa Mikono

Kabla benchi halijazoeleka katika nyumba za mazoezi, mashujaa wa nguvu walilala chali sakafuni wakasukuma chuma juu, na George Hackenschmidt, mzaliwa wa Dorpat, aliinua kwa namna hiyo ratili 361 mwaka 1899. Baadaye shirikisho la kimataifa la mchezo wa kunyanyua vyuma uitwao powerlifting, lililoasisiwa mwaka 1972, likaamuru kwamba baina ya vidole vya shahada pasizidi sentimita 81, kwani atanuaye mikono huifupisha safari ya chuma, ilhali aikaribishaye huitwisha taabu zaidi misuli ya nyuma ya mkono. Hila za wenye kuukunja mgongo mithili ya upinde ili kuifupisha safari hiyo hazikukoma, hata mwaka 2023 likaongezwa sharti la kiwiko kushuka hadi usawa wa bega. Sharti ambalo, kwa rai yangu, lilichelewa.