Homeboyz katika Soko la Hisa: mkakati bila mtaji mpya

Kampuni ya burudani ya Homeboyz Entertainment, iliyoanza kwa udijei, iliorodheshwa Desemba 2020 katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE), lenye makao yake Westlands. Hisa milioni 63.2 ziliingizwa kwa Sh4.66 kila moja, katika kitengo cha kampuni zinazokua.

Wakati huo janga la Covid-19 lilikuwa limezima matamasha. Hata hivyo, hakuna hisa mpya zilizouzwa, hivyo kampuni haikupata mtaji.

Wasimamizi wa mikakati huamua biashara ipi ijengwe, inunuliwe au iuzwe, na fedha zitoke wapi. Hatua hii huipa kampuni bei inayojulikana mbele ya wawekezaji, lakini huilazimu kuanika hesabu zake hadharani, za faida na za hasara.