Bunge la Kongo lina nguvu gani juu ya maamuzi ya serikali?

Tarehe 6 mwezi wa tano 2021, majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini yaliingia katika utawala wa kijeshi, ule watu wote wanaita état de siège. Magavana wa kiraia waliachia wanajeshi nafasi, mabaraza ya jimbo yakasimamishwa, na mashtaka ya jinai ya raia yakapelekwa mbele ya korti za kijeshi. Katiba ilipanga siku 30 tu. Lakini miaka ilipita, na wanainchi wengi wakawa wanauliza kama wabunge waliowachagua wako na nguvu ya kusimamisha jambo kama hili. Nguvu iko. Kuitumia njo kazi.

Katiba inasema nini?

Katiba ya mwaka 2006 inaweka vyumba viwili: Bunge la taifa lenye viti 500, na Senati. Kazi yao ni kutunga sheria na kuchunguza serikali, kampuni za serikali na ofisi zake. Kifungu cha 138 kinataja njia za kufanya uchunguzi huo: kumuuliza waziri kwa mdomo ao kwa maandishi, kumwita ajieleze mbele ya wabunge wote, kumsikiliza katika komisio, ao kuunda komisio ya uchunguzi.

Tena, serikali mpya haianzi kazi bila Bunge la taifa. Raisi anateua waziri mkuu, kisha wabunge wanapigia kura programu yake. Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho, aliteuliwa mwezi wa ine 2024, lakini serikali yake ilipata ruhusa ya Bunge mwezi wa sita tu.

Mosio: silaha kali kuliko zote

Wabunge wanaweza kuangusha serikali nzima kwa mosio. Inaombwa sahihi za robo ya wabunge, ni kusema 125. Kwa waziri mmoja, sahihi 50 zinatosha. Kura inapigwa saa 48 kisha mosio kuwekwa, na inahitaji sauti 251.

Silaha hiyo imeshatumika. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2021, sauti 367 zilimuangusha waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Mwezi wa tatu 2022, waziri wa uchumi Jean-Marie Kalumba naye alipoteza kiti, wakati bei ya vitu ilikuwa inapanda sokoni.

Ila tuangalie vizuri ile ya 2021. Mwezi wa kumi na mbili 2020, raisi Félix Tshisekedi alikuwa amevunja muungano wake na upande wa Joseph Kabila. Wabunge wengi wa upande huo wakahamia Union sacrée ya raisi. Hivi, serikali iliangushwa na Bunge lile lile lililoikubali mwaka 2019. Bunge lilionyesha nguvu, lakini upande ambao raisi alitaka.

Bajeti

Serikali inapaswa kuleta mradi wa bajeti mbele ya tarehe 15 mwezi wa kenda kupita. Wabunge wanaweza kuubadilisha, lakini mwenye kutaka kuongeza matumizi lazima aonyeshe pesa itatoka wapi. Na hata barabara ikiandikwa katika bajeti, ni serikali inatoa pesa. Ndiyo maana uchunguzi wa matumizi ni wa lazima kama kura yenyewe.

Siku 15 kwa siku 15

Kisha siku 30 za kwanza, Katiba inaomba Bunge la taifa na Senati waruhusu kuongeza état de siège kila siku 15. Inawapa pia haki ya kuimaliza kwa sheria, wakati wowote. Mwaka 2021 komisio ya ulinzi na usalama ilisikiliza mawaziri na kutoa ripoti juu ya magumu yaliyoonekana. Lakini kura za kuongeza ziliendelea kupita. Na wakati wa likizo, wabunge waliipa serikali sheria ya kuiruhusu kuongeza yenyewe.

Wabunge wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, hata wakiungana wote, hawafiki 251. Inaomba wawashawishi wenzao wa majimbo mengine, na wengi wao wako katika kundi la serikali. Hapo njo shida inakaa: chama kinapanga nani awe mgombea, na mbunge anaogopa chama kuliko kifungu cha Katiba.

Mwanainchi aulize wakati gani?

Vikao vya kawaida ni viwili: kuanzia tarehe 15 mwezi wa tatu, na kuanzia tarehe 15 mwezi wa kenda. Katikati, wabunge wanarudi kwa wachaguzi wao na kuandika ripoti ya likizo. Huo ndio wakati wa kumuuliza mbunge mambo matatu: alipiga kura gani, alimuuliza waziri gani, na alijibiwa nini.