Shokoa Iliyomo Ndani ya Roboti

Tarehe 25 Januari 1921, Ukumbi wa Taifa mjini Prague ulionyesha tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R. Wahusika wake walikuwa viumbe wa kiwandani wenye sura na mwili wa binadamu, waliotengenezwa ili wafanye kila kazi bila kudai chochote. Čapek alikuwa amefikiria kuwapa jina litokanalo na neno la Kilatini la kazi, lakini halikumpendeza. Nduguye Josef, mchoraji, ndiye aliyempendekezea "roboti". Kwa Kicheki robota ni shokoa: siku ambazo mkulima alilazimishwa kumlimia mwenye ardhi bila ujira. Mwaka 1775 Malkia Maria Theresa aliiwekea shokoa hiyo kikomo cha siku 3 kwa wiki, na mwaka 1848 ikafutwa kabisa.

Wakati Prague inashangilia tamthilia hiyo, Nairobi ilikuwa na shokoa yake. Mnamo Oktoba 1919 serikali ya kikoloni ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, wanawake na watoto wa maeneo ya karibu wakiwemo. Chifu aliyeagizwa hivyo alijua kilichotarajiwa kwake, na mabinti walichukuliwa majumbani kwao. Miaka hiyohiyo sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915, ilianza kutekelezwa. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Aliitia ndani ya kijaluba cha chuma akakivaa shingoni. Akiacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi, alikuwa mkosaji wa kutafutwa na polisi.

Wanaosimulia historia ya mitambo ya kazi nchini Kenya hupenda kuanzia M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, Machi 2007. Mimi ningeanzia kwenye kile kijaluba, kwa sababu hapo ndipo dola ilipojaribu kumgeuza mtu kuwa nguvu kazi tupu: ihesabike, ifuatiliwe, isijibu.

Nao Waafrika walijibu. Mwaka 1921 walowezi walipokata mishahara kwa theluthi moja, kiongozi wa upinzani alikuwa Harry Thuku, kijana aliyeajiriwa kuunganisha simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Kazi yake ilikuwa ya mkono: kupokea mwito, kuchomeka waya, kuwaunganisha wakubwa. Almon Strowger wa Marekani alikuwa amekwisha kupata hataza ya mtambo wa kufanya kazi hiyo bila mtu tangu 1891. Lakini aliyekaa kwenye simu za Hazina alikuwa mtu, mwenye masikio na mawazo yake, na Chama cha Afrika Mashariki alichokiongoza kilidai kipande kiondolewe na mabinti waachwe majumbani. Hazina ilimfukuza. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na Hoteli ya Norfolk. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliosita, akawa miongoni mwa waliouawa kwa risasi. Waliokufa walizidi 20. Barabara inayopita hapo leo inaitwa Harry Thuku.

Mashine za siku hizi nazo zina watu ndani. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi walisoma na kuwekea alama maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili programu ya ChatGPT ifunzwe kuyatambua, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Matini hayo yaliwaumiza akili. Anayezungumza na programu hiyo hawaoni wafanyakazi hao kamwe. Humwona roboti peke yake, kwa maana mpya ya neno, huku maana ya zamani ikiendelea kutendeka nyuma yake.

Sikukuu ya wafanyakazi, Mei 1, 2023, zaidi ya watu 150 waliofanya kazi za namna hiyo kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana katika Hoteli ya Mövenpick, Westlands, wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa nchini Kenya na waliofanya kazi hizo.