Itifaki na Matabaka Yake: Asili ya Mapatano ya Intaneti

Neno itifaki limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mapatano. Katika habari za intaneti neno hili limekaa mahali pake hasa, kwani intaneti si mashine moja wala waya mmoja. Ni mapatano ya mitandao mingi isiyofanana juu ya namna ya kupelekeana habari.

Chanzo chake ni ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilijaribu kuwasiliana na ile ya Stanford Research Institute. Zikafika herufi mbili tu za neno la kuingilia, kisha kompyuta ya pili ikakwama. Habari zilikatwa vipande vidogo, yaani vifurushi, kama walivyofikiri Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza katika miaka ya 1960.

Hapo kwanza mtandao wenyewe ulichukua dhamana ya kuvifikisha vifurushi vyote salama. Louis Pouzin wa Ufaransa, aliyeongoza mtandao wa CYCLADES mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliona vingine: mtandao upeleke kadiri uwezavyo, na kompyuta mbili zinazozungumza ndizo zihakikishe. Wazo hilo liliwafaa Vinton Cerf na Robert Kahn, ambao mwaka 1974 walieleza programu moja, TCP, ya kuunganisha mitandao mbalimbali.

Lakini programu hiyo moja haikufaa kila kazi. Barua ikipungukiwa na maneno imeharibika, hata kungoja ni heri; ama sauti ya msemaji haingoji, na silabi iliyopotea haina faida ikirudishwa baadaye. Kwa hiyo mwaka 1978 kazi ziligawanywa. IP ikashika anwani na upelekaji, pasipo kuahidi kufikisha. TCP ikakaa juu yake, ikivihesabu vifurushi, kuvipanga, na kutaka vilivyopotea vipelekwe tena. Kwa wasioweza kungoja ikatolewa UDP mwaka 1980. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia itifaki hizo.

Basi yakawa matabaka: chini waya au mawimbi ya redio, juu yake IP, kisha TCP au UDP, na juu kabisa barua pepe na kurasa. Ni mfano wa barua iliyotiwa katika bahasha, na bahasha katika mfuko. Tarishi husoma anwani ya mfuko, wala hana haja ya kujua kilichomo.

Faida ya mgawanyo huo ilionekana Afrika Mashariki mwaka 2009, waya wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam chini ya bahari. Habari nyingi zilizokuwa zikipita kwa setilaiti zilipata njia mpya, na hapana programu ya barua iliyohitaji kuandikwa upya, maana tabaka la juu halikuijua njia.

Hata hivyo mgawanyo huo una gharama yake. Tarishi asiyefungua mfuko hamtambui mdanganyifu, na IP yenyewe haihakikishi kwamba anwani ya mpelekaji ni ya kweli. Kinga ya siri na uthibitisho wa mwandishi vililazimika kuongezwa baadaye. Mapatano ya 1978 yalihusu kupeleka; kuaminiana kwa watu wanaopelekeana hakukuwamo.