Chakula cha Sikukuu cha Mara Ugenini

Wahenga walinena ya kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa fikira hiyo mtu wa Mara akaaye Ulaya au Marekani huazimia, Krismasi ifikapo, kupika chakula cha kwao: ugali wa mtama au wa udaga, pamoja na samaki wa ziwa. Hudhani ya kwamba anarejesha sufuriani jambo la kale lisilobadilika. Walakini historia ya chakula hicho yaonyesha kinyume.

Nchi yenyewe haikuwa na chungu kimoja. Butiama, iliyo mbali kidogo na maji, ilikula mtama na wimbi, na sikukuu yake ilikuwa ya maziwa na nyama. Musoma, iliyo ufukweni, ilitegemea samaki. Bunda, iliyo katika njia ya kwenda Mwanza, ilipata vya pande zote mbili. Mtama na wimbi ni nafaka za Afrika tangu kale. Bali mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, na serikali ya Waingereza iliuhimiza muhogo uwe akiba ya njaa. Hivyo udaga, unaohesabiwa leo kuwa chakula cha mababu, ulikuwa mgeni kwa mababu wenyewe.

Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Krismasi. Mwaka 1949 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma huko hata mwaka 1952. Uingereza ilikuwa bado katika mgao wa baada ya vita: sukari iliuzwa kwa kipimo hata mwaka 1953, na nyama hata mwaka 1954. Basi aliyetoka katika nchi ya wafugaji alifika katika nchi tajiri ambayo nyama yake ya sikukuu ilipatikana kwa kitabu cha mgao.

Ziwa aliloliacha nyuma nalo lilikuwa karibu kubadilika. Siku zile lilikuwa na ngege, ningu, kambale, kamongo, na furu wa aina mamia. Sangara hakuwamo. Aliingizwa kutoka maziwa mengine katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na sato anayeonekana zaidi sokoni leo aliletwa katika miaka hiyo ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameenea kila upande, na aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka.

Ndipo viwanda vikajengwa Mwanza na Musoma, na minofu ya sangara ikapelekwa Ulaya. Kandokando ya ziwa yalibaki mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakakaangwa na kuuzwa kwa wasioweza kununua minofu. Tangu hapo mpishi wa Mara aliyeko ugenini huweza kumkuta samaki wa kwao amemtangulia dukani, amekatwa vipande safi, hana kichwa wala jina la Kiswahili. Unga wa mtama usipopatikana, husonga ugali kwa semolina, ambayo ni ngano iliyosagwa chengachenga.

Asimwonee haya mgeni wake kwa ajili ya semolina hiyo, kwani mababu nao walisonga unga uliovuka bahari, na hapana aliyewaita watumwa. Lililo zito ni jingine. Minofu iliyo katika sahani yake ilitoka katika ziwa la kwao, na jamaa zake ufukweni walibakiwa na mifupa. Akiwasimulia watoto wake asili ya chakula hicho mezani, na awasimulie habari hiyo pia. Maana kumbukumbu inayotaja utamu peke yake ni nusu ya historia.