Sukari na asidi ya yuriki: taka na utamu vilivyogundulika mwaka mmoja (Sehemu ya 5)

 

Baada ya sehemu ya nne swali lililojirudia ni hili: "Nesi, mume wangu kidole cha mguu kimevimba, kaambiwa gauti. Sasa mbona wanampima na sukari? Vinahusiana nini?" Vinahusiana, tena sana. Ila ili muelewe, inabidi turudi nyuma kidogo.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Asidi ya yuriki ni taka. Mwili ukivunja chembe zake zilizochakaa, au ukisaga vyakula kama maini, figo na dagaa, taka hii inabaki kwenye damu na kazi ya kuitoa sehemu kubwa ni ya figo. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja. Sisi binadamu hatuna. Ikizidi, inaganda kama chembe za chumvi zenye ncha kali, mara nyingi kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu. Hiyo ndiyo gauti, vitabuni wanaiita jongo.

Sasa historia. Mwaka 1776 daktari Matthew Dobson wa Liverpool, Uingereza, alichapisha habari za mgonjwa wa miaka 33 aliyekuwa anakojoa kupita kiasi. Dobson aliuchemsha mkojo taratibu mpaka ukakauka, chini ukabaki unga mweupe. Akauonja. Sukari! Akaonja na majimaji ya damu, nayo yana utamu. Zamani walidhani ugonjwa uko kwenye figo, kumbe sukari inatoka kwenye damu. Waganga wa India walishajua karne nyingi kabla kwamba mkojo wa namna hiyo unavuta sisimizi, na dalili hiyo wazee wetu wengi wanaijua.

Mwaka huohuo wa 1776, kule Sweden, mfamasia Carl Wilhelm Scheele alikuwa anachunguza mawe ya kibofu. Ndani yake akapata asidi ambayo haikuwa inajulikana. Ndiyo hii yetu ya yuriki.

Mwaka 1848 Alfred Baring Garrod wa London akaonyesha kwamba wenye gauti wanayo nyingi kwenye damu. Baadaye akabuni kipimo rahisi ajabu: majimaji ya damu kwenye kisahani cha kioo, asidi kidogo ya siki, halafu unalaza uzi na kusubiri. Asidi ikiwa nyingi, uzi unaota chembechembe kama zile za chumvi. Jamani, kipimo cha uzi!

Kwa hiyo utamu na taka vilijulikana pamoja, lakini kwa muda mrefu vilitibiwa kama wageni wasiojuana. Na huku kwetu vilionekana ni magonjwa ya Wazungu na matajiri. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akafanya kazi miaka mingi Mulago, Uganda. Yeye na wenzake waliona magonjwa kama haya ni adimu kwa Waafrika. Mwaka 1981, yeye na Denis Burkitt walitoa kitabu kilichoweka kisukari na gauti kwenye orodha moja ya magonjwa yanayokuja maisha yakibadilika: chakula kilichokobolewa, sukari nyingi, kazi ya kukaa.

Hapa Tanzania, mwaka 1989, Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kupima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata kama 9 kati ya 100. Umri na njia za kupima hazilingani kabisa, lakini mwelekeo unauona. Na majirani zetu wa Shelisheli, walipopimwa mwaka 1989, zaidi ya theluthi moja ya wanaume walikuwa na asidi ya yuriki ya juu. Wanawake hawakufika mmoja kati ya kumi.

Sasa uhusiano wenyewe. Mtu akiongezeka kitambi, insulini yake inaanza kufanya kazi kwa shida, hivyo mwili unatengeneza nyingi zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Pisa, Italia, walionyesha kwamba insulini ikiwa juu, figo zinatoa asidi ya yuriki kidogo zaidi. Taka inabaki ndani. Ndiyo maana kidole kinaweza kuuma wakati sukari ndiyo kwanza inaanza kupanda na mtu hajisikii dalili yoyote.

Lakini sikilizeni hapa. Sukari ikipanda sana, ikavuka kama 10, inaanza kumwagika kwenye mkojo, na inaondoka na asidi ya yuriki. Kipimo cha asidi kinashuka! Ni kama barabara zetu za Usambara: unapanda, unafika kileleni, halafu unateremka. Mtu anafurahi "asidi imeshuka", kumbe sukari ndiyo imeharibika. Namba moja peke yake inaweza kukudanganya.

Kwa hiyo mama, nyumbani fanya hivi:

1. Baba, babu au mjomba akipata gauti, aombe kupimwa sukari, presha na figo pia.

2. Mwenye kisukari akiambiwa asidi iko chini, aulize sukari yake ikoje kabla ya kushangilia.

3. Acheni kununua diklofenaki dukani kila kidole kikiuma. Figo ndizo zinazotoa hii taka, na dawa hizo zikizoeleka zinaziumiza figo zenyewe.

4. Baadhi ya dawa za presha za kukojoesha zinapandisha asidi, na sukari kidogo. Usimwachishe dawa! Mrudishe kwa daktari, anaweza kubadilisha.

5. Punguzeni soda, juisi za dukani na pombe, ya miwa ikiwemo. Maji ya kutosha. Maharage na makande yetu msiyaogope.

6. Na wewe usijisahau. Homoni za kike zinasaidia figo kutoa asidi, lakini hedhi ikikoma kinga hiyo inapungua. Kama uliwahi kupata kisukari cha ujauzito, pima sukari kila mwaka hata kama unajisikia mzima.

Gauti inauma, kwa hiyo mtu anaikimbilia. Sukari mwanzoni haiumi, na ndiyo inayotupokonya macho, miguu na figo za wazee wetu. Kidole kikipiga kelele, mchukulie kama mjumbe aliyetumwa na mwingine.

Sehemu ya sita tutaongelea chumvi na presha. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.